Taa ya Kijani, Nimeiona

Kazini kwetu hatuyaamini macho yakiwa peke yake.
Macho ni mashahidi wavivu:
huapa yameona, kumbe yamekumbuka tu.
Ndiyo maana tunainyoshea taa kidole
na kuitaja kwa sauti, hata kibandani ukiwa huna mwenzio:
"Taa ya kijani, nimeiona!"
"Kasi arobaini na tano!"
"Milango imefungwa!"
Glavu nyeupe, theluji ikigonga kioo cha mbele.

Miaka kumi na tisa naendesha behewa moja
kutoka pwani hadi milimani, kaskazini mwa Hokaido.
Wanafunzi wanne. Bibi mwenye kapu la figili.
Siku nyingine nabeba joto la hita tu.

Mizuochi aliyenifunza, siku ya kustaafu,
aliniambia huku akifunga kamba za viatu:
"Mimi huendesha hata usingizini, Kuramoto.
Ila kule nikiinyoshea taa kidole, taa huona haya."
Nilicheka. Nilidhani ni pombe.

Lakini neno lilining'ang'ania kama mbegu kwenye soksi.
Nikaanza kunyosha kidole hata nyumbani.
Birika: linachemka, nimeliona.
Ufunguo: mfuko wa kushoto, nimeuona.
Mkono: vidole vitano. Rudia. Vitano.
Mimi: nipo jikoni, nimeudhika, sijui kwa nini.
Hilo la mwisho lilinichukua wiki tatu kulitamka.
Kuitaja taa ni rahisi;
kujitaja ni kujifumania.

"Unaongea na nani?" dada yangu Fumika, kwenye simu.
"Na birika."
Kimya. "Linajibu?"

Niseme kweli, mara nyingi nilisahau.
Alfajiri naanza vizuri, saa nne nimeshapotea,
jioni nakuta bakuli tupu
na sikumbuki nani alikula.
Kama mchana nalala macho wazi,
usiku ukija nifumbe nini?

Kisha Februari, usiku wa baridi kali, naendesha.
Theluji inaanguka kwenda juu. Sishangai;
ndotoni mtu hashangai, hiyo ndiyo kufuli yake.
Kapu la figili linanung'unika kitini. Sawa tu.
Lakini mkono, ule usio na akili ila mazoea,
ukanyanyuka wenyewe:
"Taa ya..."

Taa ya nini?
Rangi ile sikuwa na jina lake.
Nikatazama saa: tisa na nusu. Nikaitazama tena: haina mishale.
Nikahesabu vidole: sita. Rudia.
Saba, na cha saba kinanipungia.

"Ndoto," nikasema kwa sauti ya kazi, "nimeiona."

Kukatulia, kama chumba feni inapozimwa.
Nikaona kila msumari wa reli.
Moyo ukaanza kwenda mbio, nikajua ukizidi nitaamka,
nikasugua glavu kwa glavu, polepole, mpaka ukatii.

Wengine, nasikia, huruka.
Mimi nilipunguza kasi: arobaini, ishirini, tano,
nikasimama Nikorube.

Nikorube kampuni iliifunga.
Wiki ya kwanza baada ya kufungwa,
mzee mmoja bado alisimama pale, kofia mkononi.
Ratiba haikuwa tena na jina lile.
Nilinyosha kidole, nikatamka, "Hakuna kituo, napita!"
nikampita.
Siku tatu mfululizo nilimpita.

Nikafungua milango.
Hakuwepo. Baridi ndiyo iliyopanda, ikakaa.
Nilingoja dakika nzima, kinyume cha ratiba,
na dakika ile niliijua yote,
kila sekunde na uso wake.

Leo asubuhi, macho wazi, vidole vitano,
nimepita mahali pale: nguzo mbili na kichuguu cha theluji.
Sikupunguza kasi. Nilinyosha kidole:
"Mzee mwenye kofia," nikasema, "nimekuona."

Mwanafunzi nyuma yangu akainua uso kutoka kwenye simu,
akatazama nilikoelekeza.